Pepo ya Mama Neema

Juzi, karibu na soko la samaki, nilisikia kipaza sauti kikikemea: "Pepo, toka!" Nikakumbuka siku moja nilipokuwa mtoto.

Mama Neema, jirani yetu Mkristo, alikuwa hoi kitandani. Chumba kilinuka mafuta ya zeituni na jasho. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akanguruma: "Pepo, mtoke sasa hivi!"

Leo najua alikemea pepo mchafu. Utotoni niliijua pepo moja tu, ile aliyoiomba Bibi kila baada ya swala, makazi ya waja wema. Nikapiga ukelele: "Usiitoe pepo yake! Akifa ataingia wapi?"

Mama Neema, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akanishika mkono.

"Usilie, mwanangu. Hiyo yangu haitoki."