Kabuti Lililovundika Kakao

Mwaka huu, kanisani kwetu Ndandalo, wajukuu wa wazee waliokwenda vita vya pili vya dunia waliombwa wasimame waseme neno. Nilisimama, maana napenda kusimama. Nikasimulia jinsi babu alivyotembea matopeni kule Burma huku malaria ikimtetemesha, na jinsi alivyorudi na kabuti la jeshi alilolitunza kuliko ng'ombe wake. Lilivyokwisha sikusimulia.

Babu alitaka azikwe nalo. Alituambia hivyo mpaka tukachoka. Msimu mmoja wa mvua, mimi nikiwa mtu mzima mwenye kakao yangu, magunia ya kufunikia yalilowa yote, na kakao isipopata joto haivundiki vizuri. Kabuti lilikuwa zito, linaning'inia bure. Nikaifunika kakao nalo, nikasema siku mbili tu. Likakaa sita. Nilipolivuta lilikuwa jeusi, linanuka siki, na mkono mmoja ukachomoka ukanibakia kiganjani. Nikalifukia migombani.

Wiki ileile babu akaugua, akaliulizia. Nikajibu upesi, "Mama alilifua likachanika. Akalitupa."

Nilijua ninachofanya, na naona haya kuliandika. Kwetu mke wa mwana hamsemeshi baba mkwe wake, wala hasimami mbele ya macho yake. Mama aliishika desturi hiyo tangu aolewe. Akiwa na neno kwa babu, alinituma mimi. Na kwa kuwa baba alishafariki, hakuwa na njia nyingine ya kujitetea.

Babu hakufoka. Alisema, "Mwambie sili tena cha mkono wake."

Kweli hakula. Mama alipika wali na samaki kila siku, mimi nikapeleka, nikarudisha sahani kama ilivyo. Babu akawa anakula ndizi za kuchoma za jirani. Siku ya tatu mama akaniita jikoni.

"Mwanangu, nenda ukamwambie kabuti lake sijaligusa. Mwambie hivyo tu."

"Nitamwambia."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa kwa muda ambao ungemtosha mtu kutoa salamu na ujumbe, nikarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Ndaga," akanishukuru, akaendelea kupepeta mchele. Kesho yake alipika tena, sahani ikarudi tena. Baada ya majuma mawili babu alifariki, tukamzika na blanketi jipya la dukani. Mama akabaki akiamini kwamba neno lake lilifika, na babu akalikataa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda walikuwa na waongo wavivu. Yangu ina miaka ishirini na bado naitembea, tena nikiwa nimevaa suti.

Nilipomaliza habari za Burma, watu walipiga makofi. Mama naye alipiga, benchi la tatu, kwa mikono ile iliyompikia babu. Tulipotoka nje akanishika kiwiko, maana siku hizi haoni vizuri penye ngazi.

"Umemsema vizuri," alisema. "Alikuwa mtu wa haki, baba yule. Ndiyo maana najiuliza mpaka leo nilimkosea wapi hata asiniamini."

Nikamwambia jua limekuwa kali, twende nyumbani.