Mzungu Aliyenunua Mawe

Niliolewa Ikombe nikitokea upande wa Ipinda, kwenye migomba, miaka michache kabla ya vita ya Wajerumani na Waingereza kufika ziwani kwetu. Kwetu hatukufinyanga. Tulizoea kuona vyungu vikija na mitumbwi, tukavijaza nafaka, tukabaki na chungu na mwenye chungu akaondoka na nafaka. Kwa hiyo nilifika kwa mama mkwe nikiwa sijui kitu, na yeye alinifundisha kwa kunionyesha kidogo na kuficha kingi. Mahali alipochimba udongo wake mweupe hakunipeleka. Alikwenda na binti yake, wifi yangu, ambaye alikuwa ameachika na kurudi nyumbani.

Mwaka ule alikuja Mzungu mmoja na mkalimani wa pwani na wapagazi wenye masanduku. Wazungu tulikuwa tumewaona, wa serikali na wa dini. Huyu hakudai kodi wala hakuhubiri. Alinunua vitu. Alinunua vitana, vikapu vilivyotoboka, konokono wa ziwani, manyoya, mbegu za kuchezea watoto. Alinunua hata udongo wetu, akautia katika vifuko vidogo. Vyungu vipya alivikataa. Alitaka vile vilivyokwisha kutumika, na kuliko vyungu alitaka mawe tunayosugulia chungu kabla hakijakauka, yale laini ambayo mama humwachia binti yake.

Mama mkwe hakumuuzia kitu. Alituambia kwamba anayenunua chungu anataka kupika, lakini anayenunua jiwe la mfinyanzi hajulikani anataka nini. Wanawake wengine walimwona mwoga. Wifi yangu alikuwa mmoja wao. Alilitoa jiwe lake, na Mzungu akaenda zake kuelekea Mwaya, ambako alikuwa amepiga hema akisubiri meli.

Baada ya hapo vyungu vya wifi vikaanza kupasuka motoni. Kwanza kimoja, halafu karibu vyote alivyopanga kwenye nyasi. Udongo ulikuwa uleule na moto uleule, na vya mama yake vilitoka vizima. Watu wakasema ameuza mikono yake. Wifi alikonda. Akawa anamwomba mama yake kila siku waende Mwaya wakalichukue jiwe kabla meli haijafika, mpaka mama mkwe akakubali. Nilichukuliwa nipige kasia.

Tuliondoka upepo wa mwera ukiwa bado haujaamka, tukapita Matema na mlango wa mto Lufilyo, na jua lilipokuwa kali tukafika. Mkalimani alidhani tumekuja kuongezwa malipo. Mama mkwe alipoeleza shida yetu, Mzungu alicheka kidogo, akaagiza masanduku yafunguliwe, lakini akamweka askari karibu yetu, naye hakuondoa macho kwenye mikono yetu.

Sijapata kuona tena vitu kama vile mahali pamoja. Mivukuto ya wahunzi, shanga zilizokuwa bado na mafuta ya kiuno cha mtu, hirizi za watoto wachanga, meno, makombe, pembe za tumbaku. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa kikaratasi kwa uzi, kama kuku anayepelekwa sokoni. Mawe yalikuwa mengi na yalifanana. Wifi aliinama akaokota moja, hata hakuligeuza. Nikashangaa. Mtu aliyelilia jiwe lake kiasi kile angelipima mkononi, angeligusa shavuni. Yeye macho yake yalikuwa kwenye sanduku la vyungu, na aliposogea, alisimama kati ya sanduku lile na mama yake.

Hakuwahi. Mama mkwe alikuwa ameshaona.

Kilikuwa chungu kidogo cha kuchezea, chenye alama za vidole shingoni. Nilikijua, kwa sababu nilikipita kila siku, mpaka nikawa sikitazami tena. Mama mkwe alikuwa amekifinyanga wakati kitinda mimba wake akiwa hai, na mtoto akakibonyeza kikiwa kibichi. Mtoto alipofariki, mama aliona afadhali kisimame juu ya kaburi lake.

Alikiangalia kwa muda mrefu. Mkalimani akamuuliza kama anataka kuuza kingine cha namna ile. Akasema hapana, akamshukuru Mzungu kwa jiwe. "Ndaga," alisema, na tukarudi mtumbwini.

Tulipofika mbali na ufukwe nilithubutu kumuuliza kwa nini hakukidai. Alinijibu bila kunitazama.

"Angejua ni cha kaburini, angerudi kulichimba kaburi."



Kuanzia siku ile ile aliacha kumwangalia Mzungu akaanza kutuangalia sisi. Nani hupita makaburini? Jibu lilikuwa mimi. Kwa desturi yetu mke hakutani na baba mkwe, na baba mkwe alipenda kukaa njiani akishona nyavu, kwa hiyo mimi nilizungukia nyuma ya migomba, palepale penye kaburi, asubuhi na jioni. Mama mkwe hakunishtaki. Aliacha tu kula nilichopika. Nikirudi kutoka kuteka maji, nilikuta nguo za kikapuni mwangu zimekunjuliwa na kukunjwa upya, vibaya.

Mume wangu aliniuliza tukiwa shambani, tukipalilia mihogo.

"Kama ni wewe, niambie mimi kwanza."

"Muulize dada yako alikuwa anatafuta nini Mwaya," nilimjibu.

Alikasirika, akaenda kupalilia upande mwingine. Nikajua kwamba hatamuuliza, na kwamba mimi nimeongeza kosa. Haikupita muda, mume wangu na wazazi wake wakaamua nirudishwe kwetu nikapumzike, neno ambalo kila mwanamke analielewa.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimeshafunga mkeka wangu. Wifi alitoka mahali pa kuchomea vyungu, mikono imejaa majivu, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, ni mimi."

Alisema Mzungu aliukataa ufinyanzi wake wote, akataka kitu cha zamani, naye akaona marehemu hana kazi na chungu. Alipewa waya wa shaba. Kisha akaogopa kuuvaa, akaufukia chini ya vigae vya pale anapochomea, na kila alipochochea moto pale juu yake alitetemeka. Lile jiwe alikuwa amelitumia kama sababu tu. Alitaka kukiona chungu, akiweza akiibe. Aliufukua waya tukiwa tumesimama, ukiwa bado unang'aa.

Mama mkwe aliushika, akaupima, akamrudishia.

"Uvae," alisema. "Kila mtu auone."

Wifi aliuvaa mkononi. Aliuvaa mpaka vita ilipofika na watu wakakimbilia milimani, na hakuna aliyemuuliza aliupata wapi, maana wote walijua. Vyungu vyake viliacha kupasuka, sijui kwa nini. Meli ilikuwa imeshabeba masanduku.

Mimi sikuombwa radhi. Mkeka wangu ulifunguliwa na mume wangu, ukatandikwa palepale. Siku chache baadaye mama mkwe alinigongea mlango, akanipa jembe, akasema twende. Tulipanda kwenye mawe nyuma ya kijiji, tukashuka bondeni, na pale akafukua majani yaliyofunika shimo. Udongo wake mweupe ulikuwa humo.

Akaniambia niingie nichimbe. Nilisimama ukingoni nikiwaza kwa nini amekuja nami peke yangu, na kwa nini jembe ni moja. Mwishowe niliingia. Nilichimba uso wangu ukimwelekea yeye.