Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Jumamosi, tarehe 12 Julai 1958. Manyunyu yalianza alfajiri na jua halikuonekana hata kidogo. Kabiria yote, pembezoni mwa Nairobi, ilikuwa na baridi ya kuuma vidole.

Siku hiyo naikumbuka vizuri, ila sijui kama nitaieleza vizuri. Shule niliacha darasa la nne. Nitajaribu tu.

Nilikuwa nimetoka Maragoli karibuni, mtoto wetu wa kwanza mgongoni, nikaja kukaa na mume wangu. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Kileleshwa. Familia haikuruhusiwa kukaa pale, kwa hiyo alipanga chumba Kabiria kwa mama mmoja Mkikuyu: kuta za udongo, paa la mabati, dirisha moja la mbao.

Wiki ile wezi walivua blanketi la jirani. Walipitisha fito yenye ndoano dirishani, wakalivuta taratibu, mwenyewe amelala chini yake. Mume wangu aliposikia, alipigilia dirisha letu misumari, akaziba kwa matambara hata ile nafasi kati ya ukuta na mabati. Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akituacha peke yetu kutwa, na wezi hawakuwa hadithi.

Lakini tangu hapo niliamka kila siku kichwa kikiniuma, na mtoto akawa anatapika maziwa. Kwa ajili ya baridi, jiko la makaa lilikuwa linalala ndani pamoja nasi. Kwetu moto hulala ndani na hakuna anayedhurika, ila kwetu ni kuni, na moshi hupenya kwenye nyasi za paa. Makaa hayakuwa na moshi, tukaona ni moto safi. Mimi nikaanza kuyashuku, bila hakika.

"Baba, tufungue dirisha kidogo," nilimwambia mume wangu.

"Tufungue, halafu wavue mtoto?"

"Mtoto si blanketi."

"Gizani mwizi atajuaje? Wewe sema tu unataka kurudi kwa mama yako."

Nami nilitaka kurudi, kidogo. Kwa hiyo nikaliacha dirisha lilivyo.

Jumamosi hiyo alitoka kazini mapema. Nikamwachia mtoto, nikaenda mtoni kuteka maji. Aliukomea mlango kwa ndani, jiko likiwaka. Niliporudi nikagonga, kimya. Nikagonga tena, nikaita. Komeo likasogea polepole sana. Akatoka ameshika ukuta kama mlevi, naye pombe hajawahi kuionja, na mtoto amelegea begani mwake.

Nilimnyakua mtoto nikaketi naye nje, manyunyu yakitunyeshea, nikamlegeza nguo na kumpangusa uso kwa maji. Mama mwenye nyumba akaja mbio.

"Usimrudishe ndani," alisema. "Mwache kwenye upepo."

Nilimwita mtoto, nikamwita. Mwishowe akapiga chafya, akaanza kulia. Nilitaka kumbembeleza, lakini mume wangu, aliyekuwa ameketi kwenye matope, akanizuia.

"Mwache alie. Mwache alie sana."

Sikumkumbusha kwamba niliomba dirisha lifunguliwe. Hata wakati huo nilijiuliza kama kweli ni makaa, au labda mtoto alikuwa mgonjwa na baba yake alikuwa na njaa. Lakini yeye hakungoja hakika. Kichwa kilipotulia alichukua nyundo, akang'oa misumari yote, akasukuma dirisha likafunguka. Halafu akasimama akilitazama, na nikajua anawaza ile fito.

Mama mwenye nyumba alimletea kipande cha waya wa banda lake la kuku.

"Kuku wangu wanapumua usiku kucha, na hakuna aliyewavua."

"Basi mama, na sisi ni kuku wako," mume wangu akasema.

"Kuku wangu wanataga. Nyinyi mnanipa nini?"

Mume wangu aliukunja waya mara mbili, akaupigilia dirishani. Nilijaribu kupitisha kidole changu, hakikupita. Upepo ulipita. Tena tukakubaliana: jiko halitalala ndani, hata baridi iweje. Mtoto tutamlaza katikati yetu.

"Na jiko likiibiwa huko nje?" nilimuuliza.

"Basi wataiba jiko."

Nilipika pale nje chini ya ukingo wa paa. Tulikula ugali kwa mboga ya mrenda, yeye akamaliza sahani yake na nusu ya yangu, na mtoto akanyonya asitapike.