Muziki wa Mezani kwa Tajiri

Jana sisi wapangaji tuliangalia muvi ya Kibongo kwa mama mwenye nyumba, hapa hapa Manzese. Tajiri alipoketi mezani na familia yake, vayolini zikaanza taratibu.

Braza akanitania, "Huo muziki wa matajiri wa Masaki, mdogo wangu. Wewe utausinzilia tu."

Wakacheka. Mie mbele za watu huwa siongei, lakini wimbo ule wa vayolini kwaya yetu huuimba kila Pasaka, nami naimba sauti ya pili. Nikaanza kuuimba polepole. Mama mwenye nyumba akazima sauti ya tivii. Nikaimba mpaka mwisho.

"Kumbe huyu bubu wetu anaimba hivi?" akasema. "Hebu rudia, mwanangu."

Nikarudia, safari hii nikiwa nimesimama.