Mume wa Kuazima

Gilberte Malafosse aliolewa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini, watu wameshamkatia tamaa, akachukuliwa na mkata mawe wa hapa kwetu Montverny, wakazaa wana wawili kabla jiwe halijamwangukia yule bwana. Mara ya pili alikuwa na miaka hamsini na minane, meno ya mbele hana, na bwana harusi alikuwa Blaise Courtadon, kijana wa miaka kumi na tisa. Watu walicheka wakashika mbavu. Wacheke tu! Mimi nasema kijiji hiki hakijapata mwanamke mwenye moyo kama ule.

Msidhani alimchukia Napoleon tangu mwanzo. Thubutu! Enzi zile za ushindi juu ya ushindi, kengele za kanisa zilipolia, Gilberte aliyekuwa akifua nguo za watu mtoni ndiye wa kwanza kutupa kibao chake cha kufulia na kukimbilia uwanjani kucheza. Picha ya Napoleon aliibandika juu ya meko. Mwanawe wa kwanza, Annet, alipoitwa jeshini, alimfungia mkate na jibini akamwambia, "Nenda, mwanangu, ukaione dunia." Annet aliiona dunia hadi Hispania, akazikwa hukohuko. Wa pili, Gaspard, hakutaka kwenda. Walimchukua kwa nguvu, akapotelea kwenye theluji ya Urusi pamoja na maelfu ya wenzake. Siku habari ilipofika, Gilberte aliibandua picha akaitia motoni, kisha akaenda kufua kama kawaida.

"Eti zimwi likujualo halikuli likakwisha," aliwaambia wenzake mtoni. "Uongo mtupu! Hili lilinijua, nikalipigia makofi, na limenila likanimaliza."

Zimwi halikushiba. Mwaka uliofuata ngoma ya jeshi ikalia tena uwanjani, wanatakiwa vijana. Ila mwenye mke aliachwa. Basi ikawa kizaazaa, kila mvulana anatafuta wa kumwoa, mwenye chongo, mwenye kigugumizi, hewala. Blaise alikuwa yatima wa nyumba ya jirani, ndiye aliyemkatia Gilberte kuni. Alikuwa na mchumba, Sidonie, binti wa mwenye kinu cha kusaga, lakini baba mtu alikataa katakata kumwoza binti yake kwa mtu asiye na shamba. "Arudi kwanza kutoka vitani," alisema, "tuone amebaki na miguu mingapi."

Asubuhi iliyofuata Gilberte akamgongea Blaise mlango.

"Vaa koti lako la Jumapili. Twende bomani."

"Kufanya nini, bibi?"

"Kuoana."

Blaise alidhani msiba umemgusa akili. "Mimi na wewe, bibi?"

"Kwani umemwona mwingine hapa? Usinitolee macho. Utalala kitanda cha Gaspard na kuni utakata vilevile. Kwa padri hatuendi, Mungu simdanganyi. Lakini hii serikali iliyonilia wanangu nitaidanganya mchana kweupe."

Wakaoana. Askari walipokuja kumchukua Blaise, Gilberte alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawaambia mumewe anakunywa supu, wasimsumbue. Walicheka hadi machozi, wakaenda nyumba nyingine. Mtoni nako wanawake hawakumpa nafasi.

"Shoga, nguo ya kuazima haisitiri matako!"

"Yangu yamezeeka," alijibu, "hayaogopi upepo."

Baada ya miezi michache mambo yakageuka. Majeshi ya kigeni yaliingia Paris, na yule aliyeogopwa na wafalme wote akapelekwa kisiwani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Sidonie alikuwa amewakataa wachumba wengine wote, hata baba yake akasalimu amri. Kilichobaki ni Gilberte na Blaise kupeana talaka.

Gilberte akasema hapana.

"Amefungwa, hajazikwa," alisema. "Fisi akikimbia hubomoi zizi."

Sidonie alipandwa na hasira, akamwambia mbele za watu, "Sema tu umenogewa na mume wangu!" Neno hilo lilimchoma Gilberte. Lilimchoma zaidi kwa kuwa lilikuwa na chembe ya kweli. Alikuwa amezoea kusikia buti za kijana zikikung'utwa theluji mlangoni, na sauti ikiuliza leo kuna nini cha kula. Lakini msimamo wake hakuubadili.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata yalipofika, yule mtu akatoroka kisiwani, akaingia Paris akibebwa mabegani, na ngoma ikalia tena uwanjani. Safari hii wakaenda vijana watano wa Montverny. Blaise alibaki, mume wa mtu. Sidonie alikwenda kwa Gilberte, akapiga magoti jikoni, akalia. "Inuka," Gilberte alimwambia, "unanilowesha sakafu."

Kiangazi Napoleon akashindwa kabisa, akapelekwa kisiwa cha mbali katikati ya bahari. Gilberte alingoja hadi alipoambiwa meli imeondoka kweli. Ndipo akasema, "Haya, sasa tuachane."

Kumbe kuachana si kama kuoana! Karani wa mahakama aliwaeleza kwamba talaka ya kupatana haitolewi mke akishapita miaka arobaini na mitano. Njia iliyobaki ni mmoja amtese mwenzake, na mashahidi wawepo. Tena wafanye haraka, maana wakubwa wa mfalme mpya walikuwa wanataka kuifuta talaka nchi nzima. Ikifutwa, Blaise atakuwa mume wa Gilberte hadi kifo.

"Nizabe kofi uwanjani," Gilberte akamwambia.

Blaise aliinua mkono, akaushusha. "Siwezi, bibi."

"Basi nitakupiga mimi. Wakupandishe punda, kijiji kizima kiwe shahidi."

Hapo Blaise akaruka. Kwetu, mume aliyepigwa na mkewe hupandishwa punda kinyumenyume, akazungushwa mitaani ameshika mkia, watu wakigonga masufuria. Aibu hiyo humfuata mtu hadi kaburini. Alikataa. Wiki zikapita, na kila Gilberte alipolitaja jambo hilo alikataa tena, mpaka siku moja mtoni, akiwa amemletea kikapu cha nguo, wanawake wamejaa ukingoni, akapayuka:

"Punda? Bora ningekwenda vitani nikafa kama Gaspard wako!"

Jamani! Gilberte aliinuka na kibao mkononi. Hakuwa akiigiza tena. Alimpiga mgongoni, akampiga begani, akampiga mapajani, na kila pigo alilia kwa sauti, "Rudia! Rudia hilo neno! Bora ufe? Mbele yangu mimi?" Wanawake wanne walimshika wakashindwa. Blaise alianguka majini, akatoka na mdomo umepasuka, akilia kama mtoto.

"Nisamehe, bibi," alisema. "Mleteni huyo punda."

Punda akaletwa kwa vifijo. Blaise akapandishwa uso nyuma, mkia mkononi. Wahuni walipotaka kumvuta mnyama, Sidonie aliwapokonya kamba, akamwongoza mwenyewe, kichwa juu, kijiji kizima, akimtazama machoni kila aliyecheka. Wengi masufuria yaliwashuka mikononi.

Mahakamani mashahidi walikuwa wengi hadi hakimu akachoka kuwasikiliza. Akamgeukia Gilberte.

"Mama, ni kweli ulimpiga mumeo?"

"Ni kweli."

"Unajuta?"

"Sijuti. Ningempiga tena. Ninachojuta ni kwamba ngoma ilipolia wanangu sikuwapiga hivyo mlangoni nikawavunja miguu. Wa kwanza nilimfungia mkate, mheshimiwa. Kwa mikono hii."

Hakimu akachukua kalamu. Talaka ikatoka, na Meya wa Montverny akaitangaza mwezi Aprili. Mei sheria ya talaka ikafutwa Ufaransa nzima.

Juni Blaise na Sidonie walifunga ndoa kanisani. Gilberte alijibanza benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa kilemba cheupe kilichopigwa pasi. Padri alikuwa tayari, lakini bwana harusi akateremka, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake.

"Benchi la mbele halina mtu upande wangu," alisema. "Njoo ukae, mama."

"Una wazimu? Juzijuzi tu nilikuwa mkeo. Watu watasemaje?"

"Watasema ulinipiga."

Gilberte alimtazama, kovu la mdomoni bado jekundu. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akaushika mkono wake, akaenda kukaa mbele.