Ntuntunu za Kufuturia

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Ijumaa, tulimzika bibi yangu huko Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Watu walipotawanyika nilizunguka nyuma ya nyumba kutazama bustani yake. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Nilisimama hapo, na kilichonijia hakikuwa mazishi, bali msimu wa mvua nilioishi naye nikiwa darasa la tatu.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ungerusha kandambili upande huu ikaangukia ule. Lakini alipanda sukuma, kunde, bilinganya, na nyanya zilizofungwa kwenye vijiti. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kuokota viwavi, na mikono yangu ilinuka majani ya nyanya hadi darasani.

Katikati ya mboga aliacha ntuntunu ziote zenyewe. Unazijua: tunda dogo la manjano, limejifunika ganda jembamba kama karatasi, tamu lenye ukali kidogo. Bibi alizilinda kwa ajili ya Ramadhani, maana nyumbani kwetu tulifuturu kwa ntuntunu kabla ya uji. Kila niliponyoosha mkono alisema, "Ngoja mwezi uandame."

Ng'ambo ya ua wa miti aliishi mke wa askari jela, Mkristo, mtu wa kaskazini. Yeye na bibi hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, naye chake kilikuwa cha kambini. Bibi alimwita mama afande. Walipiga soga juu ya ua tangu asubuhi, kila mmoja na jembe lake.

Ramadhani ilipokaribia, bibi alikwenda Jinja kwenye msiba, akaniacha kwa jirani huyo. Nikiwa shuleni, jirani akaona amsaidie mwenzake. Alipalilia bustani nzima, akang'oa kila kisichopandwa kwa mstari. Kwao ntuntunu huota porini tu, chakula cha ndege na wachunga mbuzi. Bibi aliporudi alikuta udongo safi, na ntuntunu zimenyauka kwenye lundo, maganda bado mabichi.

"Mama, nyasi ilikuwa mingi sana. Mimi natoa yote," jirani alisema, akitabasamu.

"Umetoa na futari yangu," bibi akajibu, akaingia ndani.

Hakumsemesha tena. Mfungo ulianza hivyo, tukafuturu kwa maji. Niliwapenda wote wawili, na niliogopa kwamba sitasikia tena soga zao.

Jioni moja, magharibi ikikaribia, jirani alipita kwenye pengo la ua, tope limemfika magotini. Alikuwa ameshinda kwenye miteremko ya Wanale. Pindo la kitenge chake lilijaa ntuntunu. Mkono mwingine ulishika bakuli la malakwang, majani machachu ya kwao, yamepikwa kwa karanga.

"Mama, kula. Kama mimi nasumbua, narudi."

Adhana ikalia. Bibi alimenya ntuntunu moja, akasema bismillahi, akala. Kisha akaonja ile mboga, akakunja uso.

"Mama afande, mboga yako inauma meno."

"Meno gani, Mama? Iko ngapi?"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamsogezea mkeka. "Kaa. Lakini siku nyingine uniulize kwanza, afande wee!"

Baadaye mume wa jirani alihamishiwa Jinja. Ua ule wa miti sasa ni ukuta wa matofali, na huwezi kuona jirani anapika nini. Ntuntunu nazo ninaziona sokoni, zimefungwa kwenye plastiki, mwaka mzima. Sisemi ni vibaya. Ila hakuna anayezingojea.

Wiki moja baada ya mazishi nilimpelekea jirani yule habari. Ni mjane sasa, anaishi Jinja, si mbali na kwangu Mafubira. Hakulia. Aliuliza, "Nani nalima sasa?"

"Hakuna."

"Na wewe, nyuma ya nyumba yako iko nini?"

"Kamba ya kuanikia nguo tu."

Alhamisi alifika kwangu na jembe begani. Akavitazama viatu vyangu, akasema, "Toa hiyo." Nikavua, tukaanza kulima.