Bidoni Iliyomrudisha Mdogo Wangu

Juzi nilifungua bidoni ya njano, dumu la plastiki, na harufu ya mawese ikanirudisha kwenye ziwa Kivu, mwaka tuliotoka Kongo. Tulikuwa tukioga, mimi na mdogo wangu, alipoteleza akaingia penye kina. Nilitaka kumfuata, lakini sikujua kuogelea. Nikakumbuka maneno ya Maman: "Muntu akizama, usiruke. Mutupie kitu chenye kuelea."

Nikaifunga vizuri bidoni yetu tupu ya mawese iliyokuwa ufukweni, nikamtupia. "Ikumbatie, piga miguu," nikamwambia. Akaja polepole, akikohoa maji.

Wanawake waliokuwa wakifua walitukimbilia. "Hawa ni batoto ba nani?" wakauliza, maana hapo hakuna aliyetujua.

Maman alikuwa ameshafika. Akanishika bega.

"Ni bangu," akajibu. "Huyu mukubwa ndiye ametosha mwenzake mu maji, amemuokoa."